Njia ya Kuufikia Moyo wa Mtoto

Kapsokwony ni mji mdogo uliojengwa juu ya mitelemko ya Mlima Elgon, katika nchi ya Bungoma. Mtu akisimama hapo asubuhi na kuupa mlima mgongo, huiona nchi ya tambarare imetandazwa chini yake kama mkeka. Hewa yake ni baridi, udongo wake ni mzuri, na wenyeji wake, ambao wengi ni Wasabaot, hulima mahindi, viazi, vitunguu na kahawa. Lakini nchi ya mlima ina desturi yake: huendi mahali ila kwa kupanda au kushuka. Mtoto aendaye shule hupanda. Mtoto atumwaye maji hushuka, kisha hupanda tena na mzigo kichwani.

Basi, msomaji, kama umekulia katika nchi ya namna hiyo, yamkini umepata kumwona mtoto mmoja ambaye kila siku huachwa nyuma na wenzake. Huenda hatua ishirini, akasimama. Huenda nyingine kumi, akachuchumaa kando ya njia, magoti yakigusa kifua, akitweta. Wenzake humcheka na kumwita mvivu. Mwalimu humwadhibu kwa kuchelewa. Bibi yake husema labda ametazamwa kwa kijicho. Mtoto mwenyewe hana la kujibu, maana tangu azaliwe hajapata kujua kwamba watu wengine hupanda mlima bila ya kuitafuta pumzi.

Mtoto huyo si mvivu. Kuchuchumaa kwake ni dawa aliyojivumbulia mwenyewe, bila ya kufundishwa na mtu. Akikunja magoti, mishipa ya miguu hubanwa, na damu iliyokuwa ikienda huko hulazimika kupita kwa wingi zaidi katika mapafu, ikapate hewa. Moyo wake una kasoro, naye amejifunza kuishi nayo kadiri awezavyo. Nia ya insha hii ni kueleza jinsi wanadamu walivyojifunza kuutengeneza moyo wa mtoto, na kwa nini maarifa hayo yalikawia sana kupanda kutoka miji mikubwa ya dunia hata kufika katika nchi kama hii.

Kwanza yatupasa kuujua ugonjwa wenyewe. Moyo ni nyumba yenye vyumba vinne na milango minne. Kila mlango hufunguka upande mmoja tu, ili damu isirudi ilikotoka. Maradhi ya moyo wa watoto ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni ya kuzaliwa nayo. Pengine ukuta ugawanyao vyumba una tundu. Pengine mshipa uliopasa kuziba baada ya kuzaliwa umebaki wazi. Pengine njia ya kwenda mapafuni ni nyembamba mno. Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa duniani, karibu 8 huwa na kasoro ya namna hii, wawe wamezaliwa katika jumba la mfalme au katika nyumba ya udongo.

Namna ya pili mtoto hazaliwi nayo. Huanza kooni. Mtoto, aghalabu mwenye umri wa miaka 5 hadi 15, huumwa na koo kwa sababu ya vijidudu viitwavyo streptokoki. Koo hupona lenyewe baada ya siku chache, na watu husahau. Kisha, baada ya wiki mbili au tatu, huja homa ya baridi yabisi. Magoti na viwiko huvimba na kuuma. Nguvu za mwili zilizokuwa zikipigana na vijidudu hukosea adui wao, zikaushambulia mwili wenyewe, na hasa milango ya moyo. Homa ikirudi mara kwa mara, milango hiyo hukakamaa, ikawa haifunguki sawasawa wala haifungi. Ugonjwa huu, tofauti na ule wa kwanza, huchagua watu. Hupenda nyumba ambamo watoto wengi hulala chumba kimoja, na mahali ambapo zahanati iko mbali.

Sasa na tuitazame historia. Hata karne ya ishirini ilipokuwa imeendelea sana, wapasuaji wachache mno walithubutu kugusa moyo wa mtu aliye hai. Walifungua matumbo, walikata miguu iliyooza, lakini moyo waliuogopa. Mnamo tarehe 26 Agosti 1938, katika mji wa Boston, Marekani, daktari kijana aitwaye Robert Gross alimpasua kifua msichana wa miaka 7, akaufunga ule mshipa uliobaki wazi karibu na moyo wake. Mkuu wake wa kazi alikuwa safarini wakati huo, na Gross hakumngoja arudi. Msichana akapona. Mlango ukawa umefunguliwa, ijapokuwa kwa upenyo mdogo.

Mwaka 1944 ulileta jambo kubwa zaidi. Katika mji wa Baltimore alikuwapo daktari mwanamke, Helen Taussig, aliyetibu watoto waliozaliwa na njia nyembamba ya kwenda mapafuni, ndio hao wanaochuchumaa. Masikio yake yalikuwa yamepungua kusikia, naye alijifunza kuusoma moyo kwa vidole vyake juu ya kifua cha mtoto. Akafikiri kwamba kama njia moja ni nyembamba, yawezekana kujenga njia nyingine, kwa kuuchukua mshipa unaopeleka damu mkononi na kuuunga na mshipa wa mapafu. Mpasuaji Alfred Blalock akakubali kujaribu.

Lakini kazi ya kutafuta namna ya kuunga mishipa hiyo ilifanywa kwa mikono ya mtu wa tatu, na habari zake nataka uzikumbuke. Jina lake ni Vivien Thomas. Alikuwa Mmarekani mweusi, fundi wa seremala, aliyeweka akiba ili asomee udaktari. Mwaka 1930 benki iliyokuwa na akiba yake ikafilisika, na tumaini lake likaishia hapo. Wakati huo alikuwa amekwisha kupata kazi katika maabara ya Blalock, akawa akipasua wanyama na kujifunza siku hadi siku, hata ustadi wake ukawashinda wengi waliokuwa na shahada. Siku ya upasuaji wa kwanza, tarehe 29 Novemba 1944, Thomas alisimama juu ya kigoda nyuma ya bega la Blalock, akimwongoza kwa maneno. Kwa miaka mingi dunia ilizijua sifa za madaktari wale wawili tu. Chuo kilimpa Thomas shahada ya heshima mwaka 1976, baada ya yeye kuwafundisha wapasuaji wengi waliokwisha kuwa wakuu wa hospitali.

Lilibaki tatizo moja. Tundu lililo ndani ya moyo haliwezi kushonwa moyo ukiwa unapiga na kujaa damu. Na moyo ukisimamishwa, mtu hufa. Mwaka 1953 John Gibbon wa Philadelphia alitumia mashine iliyofanya kazi ya moyo na mapafu kwa muda, akafaulu. Mwaka uliofuata, huko Minnesota, Walton Lillehei alitumia njia nyingine ya ajabu. Alimlaza mtoto kando ya mzazi wake, akaunganisha mishipa yao, ili moyo wa mzazi usukume damu ya wote wawili wakati moyo wa mtoto ukishonwa. Watoto 45 walipasuliwa hivyo, na 28 wakarudi nyumbani. Kabla ya miaka mingi kupita mashine ikatengenezwa vizuri zaidi, na hapakuwa na haja tena ya kumhatarisha mzazi.

Sasa, msomaji, fanya hesabu ya miaka. Mwaka 1954, wakati mzazi na mtoto walipolazwa pamoja Minnesota, nchi ya Kenya ilikuwa katika Hali ya Hatari. Haikuwa na shule hata moja ya kufundisha madaktari. Mkenya aliyetaka elimu hiyo katika Afrika ya Mashariki alikwenda Makerere, Uganda. Shule ya udaktari ya Nairobi ilianza mwaka 1967, na upasuaji wa kufungua moyo ulianza katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mwaka 1973. Maarifa yalichukua miaka 20 kutoka Philadelphia hata Nairobi. Bahari kubwa ilikuwa kati, na miaka 20 si mingi sana. Lakini kutoka Nairobi hata mitelemko ya Elgon hakuna bahari, na safari hiyo imechukua miaka mingi zaidi. Kwa nini?

Ukitazama vyema utaona kwamba maarifa haya yamesafiri kwa hatua tatu, si katika Kenya tu bali katika Afrika ya Mashariki nzima.

Hatua ya kwanza ni ile ambayo mtoto humfuata daktari. Watoto walipelekwa Uingereza, India na kwingineko, kwa msaada wa serikali, wa makanisa na misikiti, au wa watu wema. Mfano mmoja ni wa chama cha Save a Child's Heart, kilichoanzishwa Israel katika miaka ya 1990, ambacho kimetibu watoto wengi, pamoja na wa Zanzibar na Tanzania bara, katika hospitali ya Wolfson mjini Holon. Ni kazi njema. Lakini kwa kila mtoto apandaye ndege, wengi hubaki. Na yule aliyezaliwa juu ya mlima, mbali na miji, huwa wa mwisho kusikia kwamba ndege hiyo ipo.

Hatua ya pili ni ile ambayo daktari humfuata mtoto. Wapasuaji wa nchi za mbali huja kwa wiki moja au mbili, wakapasua watoto pamoja na wenyeji, kisha wakaenda zao. Katika hatua hii wananchi nao huanza kuchanga. Hospitali ya Mater ya Nairobi ilianzisha mwaka 1993 mbio za kila mwaka za kuchangia matibabu ya moyo ya watoto wa maskini, na maelfu ya watu wamezikimbia, wengine wakiwa watoto wa shule kama wewe.

Hatua ya tatu ndiyo kubwa: daktari mwenyewe huzaliwa hapa, akasomea hapa au akarudi hapa. Godwin Godfrey, Mtanzania, alikwenda kujifunza katika hospitali ile ile ya Wolfson ambako watoto walikuwa wakipelekwa. Alikaa miaka kadhaa, kisha akarudi kwao kuwapasua watoto wa Tanzania. Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianzishwa mwaka 2015. Kampala ina Taasisi ya Moyo ya Uganda. Huko Bomet, katika Bonde la Ufa, Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1937, imekuwa mahali pa kupasulia moyo na pa kuwafundishia wapasuaji wa Kiafrika.

Na upande wa Elgon? Kwa mtu wa Kapsokwony, njia ya matibabu makubwa hushuka kwanza hadi Bungoma au Kitale, kisha huelekea Eldoret. Huko ndiko Chuo Kikuu cha Moi kilikoanzisha shule ya udaktari karibu na mwaka 1990, na ndiko iliko Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, ambayo imeshirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani katika matibabu ya moyo. Mwaka 2015 ilifunguliwa huko pia hospitali ya umma ya watoto, Shoe4Africa, iliyojengwa kwa michango. Kutoka Eldoret hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300, hivyo kila huduma iliyofika Eldoret imempunguzia mtoto wa mlimani safari ndefu.

Hata hivyo, tusidhani kwamba umbali ni wa kilomita peke yake. Katika kituo cha afya cha kijijini, mtoto mwenye kasoro ya moyo hufanana na mtoto mwenye kichomi: wote wawili huhema kwa shida. Kama hapana mtu wa kuuweka mpira wa kusikilizia kifuani mwake na kuisikiliza sauti ile ya ziada, mtoto hupewa dawa ya kikohozi, akarudishwa nyumbani. Mashine inayopiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti ilivumbuliwa huko Lund, Sweden, mwaka 1953, na Inge Edler na Hellmuth Hertz. Siku hizi nyingine huweza kubebwa mkononi. Lakini mashine bila ya mtu aliyefundishwa kuitumia ni sanduku tu. Kisha kuna fedha. Upasuaji wa moyo hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi, na mkulima wa vitunguu hana fedha hizo hata mavuno yawe mema. Kenya ilianzisha bima ya hospitali mwaka 1966, na mnamo Oktoba 2024 ikaweka mahali pake Mamlaka ya Afya ya Jamii. Bima humsaidia aliyeandikishwa, aliyelipa, na aliyekwisha kupata jina la ugonjwa wake. Mtoto ambaye moyo wake haujasikilizwa na mtu hana cha kuandika katika karatasi ya bima.

Mpaka hapa nimesimulia habari za kisu. Lakini mwaka ule ule wa 1944 ulileta jambo jingine, lisilo na sifa nyingi. Huko Boston daktari T. Duckett Jones, aliyewatazama kwa miaka mingi watoto wenye homa ya baridi yabisi, alichapisha orodha ya dalili za kuitambua homa hiyo. Miaka michache baadaye ikapatikana penisilini ya kudungwa, ambayo hukaa mwilini kwa majuma. Mtoto aliyekwisha kupata homa ile, akidungwa sindano hii kila wiki tatu au nne, hulindwa isimrudie, na milango ya moyo wake hupata nafasi ya kupona. Dawa hii ni rahisi kuliko jozi ya viatu.

Usifikiri kwamba ugonjwa huu ni wa Afrika kwa asili yake. Mwanzoni mwa karne ya ishirini ulikuwa ukiwaua watoto wengi wa London na Boston. Ulianza kupungua huko hata kabla ya penisilini, watu walipopata nyumba bora na kuacha kusongamana. Penisilini ikamalizia kazi. Wala si nchi tajiri tu zilizofaulu. Katika jimbo la Pinar del Río, Cuba, tangu mwaka 1986 hadi 1996, walifanya kazi ya kuwafundisha watu, kuwaandikisha wagonjwa na kuwadunga sindano bila ya kukosa, na ugonjwa ukapungua sana.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi umetoka ng'ambo ya mlima huu huu, katika Uganda. Huko Gulu, madaktari wa Uganda pamoja na wenzao wa Marekani waliwapima mioyo watoto zaidi ya 100,000 kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Wakawapata 818, wenye umri wa miaka 5 hadi 17, ambao ugonjwa ulikuwa umeanza kimya kimya bila ya wao kujua. Nusu yao walidungwa penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili. Nusu nyingine hawakudungwa, lakini wakaangaliwa. Matokeo yakatangazwa mwaka 2021. Kati ya waliodungwa, ugonjwa ulizidi kwa watoto 3 tu. Kati ya wasiodungwa, ulizidi kwa watoto 33. Hakuna aliyepasuliwa kifua, wala aliyepanda ndege.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kazi ya kuziba ufa, lakini, ina ugumu wake: yataka kurudiwa. Sindano ya leo haifai kitu kama ya mwezi ujao itakosekana. Tangu mwaka 2006 hadi 2008 ugomvi wa ardhi ulimwaga damu katika Mlima Elgon, na maelfu ya watu wakayahama makao yao. Dawa inayotakiwa kila wiki nne haiwezi kumfuata mtoto anayekimbia usiku. Amani, barabara isiyokatika wakati wa mvua, na ghala la dawa lisilokauka ni matibabu ya moyo vilevile, ijapokuwa havikuandikwa katika vitabu vya madaktari. Mwaka 2018 mataifa ya dunia, yakikutana katika Shirika la Afya Duniani, yaliazimia kupigana na ugonjwa huu. Azimio ni jambo jema, lakini atakayeidunga sindano ni muuguzi wa zahanati, na atakayemkumbusha mtoto siku yake ni mtu wa nyumbani kwake.

Hapo ndipo sehemu yako inapoanzia, wewe usomaye haya. Umri wako na wa wadogo zako ndio umri ambao homa hii huutafuta. Ukiumwa koo pamoja na homa, usingoje lipone lenyewe, nenda zahanati. Ukimwona mtoto mchanga akitoka jasho na kuchoka anyonyapo, mwambie mama yake asikawie. Na kwa kuwa buluu haionekani upesi katika ngozi nyeusi kama zetu, tazama midomo, ulimi na kucha, maana huko ndiko ijitokezako. Kama una mwenzio aliyeandikiwa sindano za kila mwezi, usimwache aende peke yake. Mtoto huchoka na sindano kabla ugonjwa haujachoka naye.

Yawezekana pia kwamba baadhi yenu mtakuwa wauguzi na madaktari. Kama ada ikikosekana, mkumbukeni Vivien Thomas, aliyezuiwa na umaskini na rangi yake, lakini hakuacha kujifunza.

Na kesho asubuhi, utakapokuwa ukipanda kwenda shule, ukamwona yule mtoto amechuchumaa kando ya njia, usimpite. Simama naye mpaka pumzi imrudie, mbebee vitabu vyake, kisha mpeleke kwa mwalimu ukamweleze ulichokiona. Safari ya kwenda Eldoret, na hata Nairobi, huanzia hapo, kwa mtu mmoja aliyekataa kumwita mgonjwa mvivu.